Kiti cha Gavana wa Nyeri

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, alikuwa katika nyumba iliyojengwa juu ya mti mkubwa, ndani ya msitu wa Nyandarua, mwendo mfupi kutoka mji wa Nyeri. Nyumba hiyo iliitwa Treetops. Wageni walikwea huko jioni ili wawatazame ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Usiku ule ule, huko Uingereza, baba yake alifariki dunia. Kulipopambazuka binti huyo alikuwa malkia, wala yeye mwenyewe hakuwa na habari. Hakuna mtu aliyeulizwa kama anamtaka. Hakuna sanduku la kura lililofunguliwa. Baba alikufa, mtoto akarithi, kama shamba na ng'ombe wanavyorithiwa.

Miaka 65 baadaye, tarehe 24 Februari 2017, Nderitu Gachagua, Gavana wa Kaunti ya Nyeri, alifariki hospitalini mjini London. Mara hii pia mwenye kiti alifia Uingereza, na mara hii pia watu waliotazama kiti chake walikuwa huku Nyeri. Lakini kiti hicho hakikwenda kwa mtoto wa marehemu, wala kwa jamaa yake, wala kwa tajiri aliyekuwa na fedha nyingi kuliko wengine. Kilikwenda kwa Samuel Wamathai, naibu wake, aliyesimama pamoja naye mbele ya wapigaji kura mwaka 2013. Sheria ilikuwa imekwisha kusema hivyo kabla mtu yeyote hajaugua.

Msomaji mpenzi, mimi ni mwalimu wa walimu. Kila mwaka nawauliza vijana wanaokuja kujifunza ualimu swali moja: kiti cha gavana ni cha nani? Wengi wao hunijibu kwa kutaja jina la mtu. Katika insha hii nataka tulitafute jibu lililo bora kuliko hilo. Na jibu lenyewe hatutalitafuta mbali, kwa maana katika mwaka mmoja tu, mwaka 2017, watu wa Nyeri walitawaliwa na magavana wanne, mmoja baada ya mwingine. Sijui darasa lililo bora kuliko hilo kwa mtu anayetaka kujua maana ya uchaguzi.

Kwanza yatupasa kulijua neno lenyewe. Leo mtoto wa shule mjini Karatina au Othaya asikiapo neno gavana hufikiri juu ya mtu aliyeomba kura kwa wazazi wake. Babu yake hakufikiri hivyo. Waingereza walijenga kituo chao Nyeri mwaka 1902, baada ya kuwashinda wenyeji kwa bunduki, na tangu hapo gavana alikuwa mtu aliyetumwa kutoka ng'ambo. Aliteuliwa kwa jina la mfalme au malkia, akakaa Nairobi, akatawala nchi nzima kwa kupitia wakuu wa majimbo, wakuu wa wilaya na machifu. Mkulima wa Tetu au Mathira hakumchagua, na hakuwa na njia yoyote ya kumwondoa. Gavana alikuwa kama mvua ya mawe: ilianguka kutoka juu, na kazi ya watu ilikuwa kutafuta mahali pa kujificha.

Sir Evelyn Baring aliletwa Kenya kuwa gavana mwaka 1952, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari. Sahihi moja ya mtu ambaye hakuchaguliwa na Mkenya mwenye asili ya nchi hii ilibadili maisha ya kila nyumba katika Nyeri. Watu waliondolewa katika mashamba yao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na mahandaki. Wengi walitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa hapa hapa Nyeri, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti.

Mwezi uliofuata, Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wanane katika Baraza la Kutunga Sheria. Yafaa uangalie kura ile ilivyokuwa. Si kila mtu mzima aliyeruhusiwa. Mpiga kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake na cheo chake. Na aliyepimwa akaonekana mzito kuliko wenzake aliweza kupewa kura mbili au hata tatu. Tena, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alipaswa kwanza kuwa na hati ya kuthibitisha uaminifu wake kwa serikali. Wakikuyu wengi hawakuipata. Kwa hiyo Wameru walioandikishwa walikuwa wengi kuliko Wakikuyu, na Eliud Mathu, ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo kwa kuteuliwa, alishindwa na Bernard Mate wa Meru. Nisikilize vizuri: simlaumu Bernard Mate, aliyeshinda kwa kanuni zilizokuwapo. Nasema kwamba mwenye kuamua nani apige kura amekwisha kuamua nusu ya matokeo kabla ya sanduku kufunguliwa.

Usidhani, msomaji, kuwa ni sisi peke yetu tuliopata kuletewa gavana. New York, ambayo leo ni miongoni mwa majimbo makubwa ya Marekani, nayo ilikuwa koloni la Mwingereza, na gavana wake alitumwa na mfalme. Wamarekani walipojitangazia uhuru mwaka 1776 hawakulitupa neno gavana. Walilichukua neno lile lile la bwana wao wa zamani, wakaligeuza maana. Katiba ya New York ya mwaka 1777 ilisema kwamba gavana atachaguliwa kwa kura, na atatawala miaka mitatu. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa George Clinton.

Hata hivyo, nao hawakumpa kila mtu kura. Aliyeruhusiwa kumchagua gavana wa New York alikuwa mwenye ardhi ya thamani ya pauni 100. Maskini, watumwa na wanawake walisimama pembeni wakatazama. Waweza kuona kwamba ile mizani ya mwaka 1957 iliyowapima watu wa Nyeri haikubuniwa siku ile. Ilikuwa mizani ya kale iliyokwisha kutumika kwingine.

Mwaka 1792 Clinton alipingwa na John Jay, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani. Kura zilipigwa mwezi Aprili. Desturi yao ilikuwa kwamba masanduku ya kila wilaya yapelekwe na afisa wa wilaya, yahesabiwe na kamati moja. Sasa angalia mambo yalivyotokea. Katika wilaya ya Otsego, afisa aliyezipeleka kura alikuwa amekwisha kumaliza muda wa kazi yake. Katika wilaya ya Tioga, aliyetumwa aliugua njiani, akampa karani wake mzigo. Katika wilaya iliyoitwa Clinton, aliyezichukua hakuwa na hati ya kazi hiyo. Kamati, ambayo wengi wake walikuwa marafiki wa Gavana Clinton, ilizikataa kura za wilaya zote tatu. Otsego ilikuwa ngome ya Jay. Zilipohesabiwa zilizobaki, Clinton alikuwa na kura 8,440 na Jay 8,332. Tofauti ilikuwa kura 108 tu.

Watu waliwaka hasira. Hakuna aliyedai kwamba wapigaji kura wa Otsego hawakuwa watu halali; kosa lilikuwa la mchukuzi, na adhabu ikawapata wenye mzigo. Wengine walitaka Jay achukue kiti kwa nguvu. Jay aliwaomba wafuasi wake watulie. Miaka mitatu ikapita. Mwaka 1795 alichaguliwa gavana wakati alipokuwa bado safarini kutoka London, na mwaka 1799 alitia sahihi sheria iliyoanza kuwafungulia watumwa wa New York kidogo kidogo. Wahenga wetu walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mimi naongeza kwamba uvumilivu wa Jay haukuifanya hesabu ile kuwa njema. Mshindwa alifanya haki, na kamati haikufanya. Taifa haliwezi kusimama siku zote juu ya subira ya mtu mmoja. Lazima lirekebishe kanuni zake.

Sasa turudi kwetu. Njia ya Kenya ya kumpata gavana wa kuchaguliwa ilikuwa ndefu. Mwaka 1963, nchi ilipopata uhuru, ilikuwa na katiba ya majimbo, na kila jimbo likiwa na baraza lake. Mpango huo haukudumu. Mwishoni mwa mwaka 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, ulikuwa umeondolewa. Nyeri ikabaki makao makuu ya Mkoa wa Kati, na mkuu wa mkoa akateuliwa na Rais. Bwana alikuwa amebadilika rangi na lugha, lakini bado alishuka kutoka juu. Mtu wa Mukurweini aliyekosa barabara au dawa hospitalini alimlilia mtu ambaye hakuwa na haja ya kura yake.

Kisha ulikuja uchaguzi wa Desemba 2007. Matokeo ya kura za Rais yalibishaniwa, na badala ya kubishana mbele ya mahakimu, watu walibishana kwa panga na moto. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Nakutajia jambo hili la uchungu kwa sababu moja. Nchi iliyoshindwa kujibu swali la nani akalie kiti hulipa kwa damu. Katika majivu hayo ndipo ilipoandikwa Katiba mpya, ikakubaliwa na wananchi kwa kura tarehe 4 Agosti 2010, ikatangazwa rasmi tarehe 27 ya mwezi huo. Iligawa nchi katika kaunti 47, ikaamuru kwamba kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kila kaunti iwe na bunge lake na gavana wake wa kuchaguliwa.

Hebu tuipime Katiba hiyo kwa mizani tuliyokwisha kuiona. Kila raia aliyeandikishwa, mwanamume au mwanamke, tajiri au mkata, ana kura moja ya kumchagua gavana. Hakuna anayeulizwa ana ekari ngapi za kahawa au chai. Mgombea hutangaza mapema naibu wake ni nani, ili wapigaji kura wawajue wote wawili. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake hushinda. Hatawali zaidi ya vipindi viwili vya miaka mitano. Bunge la kaunti laweza kumshtaki, na Seneti huamua kama aondoke au abaki.

Uchaguzi wa kwanza wa magavana ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Siku hiyo watu wa Nyeri, kutoka Kieni kwenye ukame hadi Othaya kwenye chai, walisimama katika mistari mirefu, na kila mmoja akapewa karatasi sita: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya mwakilishi wa wadi. Nderitu Gachagua, aliyewahi kuwa mbunge wa Mathira, alishinda. Kwa mara ya kwanza tangu kituo cha mwaka 1902 kujengwa, neno gavana lilikuwa na maana ya mtu ambaye Nyeri ilimwita yenyewe.

Kumchagua mtu si kumfanya malaika. Gavana huyo na bunge lake la kaunti walivutana, na mwezi Septemba 2016 wawakilishi walipiga kura ya kumwondoa. Jambo likapelekwa Nairobi mbele ya Seneti. Kamati iliyolichunguza iliona kuwa mashtaka hayakuthibitishwa, akabaki kitini. Waweza kuwa upande wa gavana au upande wa bunge. Hilo ni shauri lako. Lililo kubwa ni kwamba pande zote mbili zilikwenda mahali palipowekwa na sheria, zikasema yaliyo moyoni, zikapokea jibu. Baring hakuwahi kuitwa mahali kama hapo na watu wa Nyeri.

Ndipo ukaja mwaka 2017, mwaka wa majonzi. Februari, kama nilivyokwambia, Gachagua alifariki, na Wamathai akala kiapo ili amalize miezi iliyosalia. Tarehe 8 Agosti wananchi walirudi vituoni, wakamchagua Wahome Gakuru, msomi aliyekuwa amefanya kazi katika mpango wa maendeleo wa taifa ulioitwa Ruwaza ya 2030. Naibu wake alikuwa Mutahi Kahiga. Watu walitumaini kwamba sasa mambo yatatulia. Lakini ajali haina kinga. Asubuhi ya tarehe 7 Novemba, miezi mitatu kasoro siku moja tangu siku ya kura, gari la Gavana Gakuru lilipata ajali mahali paitwapo Kabati, katika Kaunti ya Murang'a, alipokuwa akielekea Nairobi. Akafariki siku hiyo hiyo. Mwezi huo huo Kahiga aliapishwa.

Fikiri, msomaji. Januari gavana alikuwa Gachagua. Machi alikuwa Wamathai. Septemba alikuwa Gakuru. Desemba alikuwa Kahiga. Watu walilia, maana waliokufa walikuwa waume na baba za watu. Lakini soko la Karatina lilifunguliwa, wauguzi walikwenda zamu, na karatasi za serikali ya kaunti ziliendelea kutiwa sahihi. Hakuna jeshi lililopangwa barabarani ili kuamua nani akalie kiti. Zamani mfalme alipokufa nchi nyingi zilishikana upanga. Nyeri ilizika viongozi wawili katika mwaka mmoja, na kiti hakikuguswa na mkono usiostahili.

Lakini historia ya kweli haifichi ufa ulio ukutani. Katiba ilisema wazi kwamba gavana akifa naibu wake hushika nafasi. Haikusema nafasi ya naibu huyo aliyepanda itajazwa namna gani. Kwa hiyo Kahiga alipoingia ofisini alikuwa peke yake. Kama naye angepatwa na jambo, Spika wa bunge la kaunti angekaimu, na uchaguzi mwingine ungelazimika kufanywa katika siku 60. Serikali ya kaunti nzima ilikuwa ikining'inia kwa uzi mmoja.

Na hapa nataka tumkumbuke tena yule George Clinton wa New York. Baada ya kuwa gavana kwa miaka mingi alipanda akawa Makamu wa Rais wa Marekani, na mwaka 1812 alifariki akiwa katika kazi hiyo, wa kwanza kufa hivyo. Wamarekani walipofungua katiba yao ili waone nani ashike nafasi yake, hawakukuta neno. Kiti kikakaa kitupu mpaka Machi 1813, baada ya uchaguzi mwingine. Ufa huo huo uliwaudhi tena na tena, wala hawakuuziba katika katiba yao mpaka mwaka 1967, yaani baada ya miaka 155. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kenya haikungoja muda huo. Swali la naibu gavana lilikuwa limekwisha kupelekwa kwenye Mahakama ya Juu na Spika wa Bunge la Kaunti ya Embu, majirani zetu wa upande wa pili wa mlima. Mwaka 2018 Mahakama ilitoa ushauri wake: gavana ateue naibu mpya katika siku 14, na bunge la kaunti limpigie kura katika siku 60. Mwaka huo huo Nyeri ilimpata Caroline Karugu, mwanamke wa kwanza kuwa naibu gavana katika kaunti hiyo. Kwa hiyo ufa uliofunguliwa na msiba uliguswa chokaa kabla ya mvua nyingine.

Kuna hesabu moja ndogo nayo ningependa uifanye. Katiba yasema kwamba anayerithi kiti cha gavana wakati uchaguzi ujao ungali mbali kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, huhesabiwa kuwa ametimiza kipindi kizima. Wamathai aliingia ikiwa imebaki miezi michache, hakuhesabiwa. Kahiga aliingia ikiwa imebaki zaidi ya miaka minne na nusu, alihesabiwa. Alipochaguliwa na wananchi mwezi Agosti 2022, vipindi vyake viwili vikatimia. Hata aliyefikishwa kitini na msiba wa mwenzake hakupewa muda wa bure.

Ningekudanganya kama ningekuambia kwamba kila jambo chini ya mlima huu limekwenda hivyo. Tazama Kirinyaga. Mwaka 2017 Anne Waiguru alitangazwa kuwa gavana, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana katika Kenya. Mpinzani wake Martha Karua alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliitupa kesi mapema, Mahakama ya Rufani ikairudisha, ikasikilizwa, naye akashindwa, akaendelea mbele. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema kwamba miezi sita iliyowekwa na sheria kwa kesi za namna hiyo ilikuwa imekwisha kupita. Karua akaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2020 iliona kwamba haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa. Mahakama hiyo haikusema nani alishinda uchaguzi. Ilisema kwamba mlango wa haki haukufunguliwa kama ulivyopasa.

Je, haikukumbushi Otsego? Huko kosa lilikuwa la mchukuzi wa sanduku. Hapa saa ya sheria ilikwisha kesi ikiwa bado njiani. Katika mahali pote pawili, swali ambalo wananchi walitaka lijibiwe lilifunikwa na swali jingine. Lakini tazama na tofauti pia. Mwaka 1792 kamati ya marafiki ilikuwa ndiyo mwanzo na mwisho. Kirinyaga mlalamikaji aligonga mlango baada ya mlango, na wa mwisho ukafunguka. Hiyo ni hatua, ingawa ni fupi, na kizazi chako ndicho kitakachopiga ya pili.

Sasa turudi kwenye swali langu la darasani: kiti cha gavana ni cha nani? Kilikuwa cha mfalme, na mfalme akampa amtakaye. Kikawa cha wenye ardhi na wenye hati, nao wakawafungia mlango wenzao. Leo ni cha wapigaji kura, na aliyekikalia ameazimwa. Aliyeazimwa jembe hulirudisha likiwa na makali yake, na mwenye jembe hana budi kulitazama linaporudishwa. Mwenye mali asiyeitazama mali yake hana haki ya kulia ikiibwa.

Basi, ewe kijana, utakapotimiza miaka 18 ujiandikishe. Usimwulize mgombea ukoo wake wala usiupokee unga wake. Mwulize atafanya nini na fedha za kaunti, kisha muulize naibu wake ni nani, umtazame huyo naibu kwa makini. Watu wa Nyeri walijifunza mwaka 2017 kwamba jina la pili laweza kuwa la kwanza kabla mwaka haujaisha. Na siku mgombea wako atakaposhindwa, ukumbuke John Jay alivyongoja, na ukumbuke pia kwamba kungoja si kunyamaza. Pale msituni Nyandarua, mwaka 1952, kiti kilihama usiku watu wakiwa wamelala. Chako kisihame wewe ukiwa umelala.